Unga wa mlonge na matone ya surua

Tulikuwa hatujafika hata Morogoro. Jamaa akasimama katikati ya viti, begi begani: "Abiria wenzangu!" Unga wake wa mlonge unatibu mafua, homa ya ini, mkanda wa jeshi na "virusi vyote kwa ujumla". Pakiti elfu tano, mbili elfu nane. Mama niliyekaa naye alichukua mbili. Nikamuuliza, mama, kijiko cha chai au cha chakula?

"Kijana amesema kijiko."

Ugomvi wangu uko hapo kwenye kijiko. Mlonge nala, tena ukiungwa kwa karanga sibakishi. Wala sibishi kwamba lishe husaidia mwili kupambana na virusi. Ushahidi mmoja ulipatikana huko huko tulikokuwa tunaelekea. Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida tu, walikufa 12. Kati ya 88 walioongezewa vitamini A, walikufa 6. Kwa hesabu ndogo hivyo huwezi kuapa, lakini utafiti wa Cape Town baadaye uliitia nguvu. Leo mtoto mwenye surua aliyetimiza mwaka hupewa matone ya vitamini A, yuniti 200,000 kwa siku, siku mbili mfululizo. Haiui kirusi, haishiki nafasi ya chanjo, na ikizidi hudhuru ini. Ndiyo maana ina kipimo.

Zinki ya mtoto anayeharisha nayo ni hivyo hivyo, siku 10 hadi 14, miligramu zinajulikana. Vitamini C tunayoikimbilia mafua yakishabana? Ukianza muda huo haisaidii kitu cha maana.

Halafu kuna dawa kugongana. Anayetumia dolutegravir, ARV ya kudhibiti virusi vya UKIMWI, akiimeza pamoja na vidonge vya kalsiamu au madini ya chuma tumbo likiwa tupu, dawa hainyonywi vizuri mwilini. Atangulize dawa kwa muda wa saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au akishavimeza asubiri muda wa saa sita ndipo ameze dawa, au ameze vyote pamoja na chakula. Hayo hayatangazwi kwenye basi.

Mama aliteremkia Gairo. Pakiti moja, aliniambia akifunga kapu, ni ya mdogo wake, yule wa vidonge vya kila siku.

"Aulize kliniki kwanza, mama."

"Haya, mwanangu," akasema, tayari yuko mlangoni.