Msiwaambie "umenona"

Habari yenu kwamba uzito uliozidi unawapunguzia wanafunzi wa vyuo vikuu ubora wa maisha ni ya kweli, ila mmeuzungumzia mwili na kuusahau moyo.

Binti yangu alitoka hapa Lamu mwepesi. Mji wetu wa kale ni wa miguu na punda, hakuna magari vichochoroni. Chuoni bara ikawa chipsi na soda usiku wa manane, mchana kutwa kitini. Aliporudi likizo ya mwaka wa tatu, kutoka gatini hadi kwetu Langoni alikaa mara mbili kwenye baraza za watu, anahema, buibui limemlowa mgongoni.

Kilichoniuma zaidi ni arusi ya binamuye. Hakwenda. Aliogopa mashangazi watamwambia "mashallah, umenona", neno tunalolitoa kama sifa, naye alikuwa akilipeleka chumbani kulilia.

Shirika la Afya Duniani linagawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: mtu mzima akifika 25 uzito umezidi, 30 ni unene wa kupindukia. Yeye alikuwa 31. Usiku akikoroma hadi pumzi inakatika, halafu darasani anasinzia, wenzake wanamwita mvivu. Kumbe uzito unamnyima usingizi! Hilo daktari ndiye aliyetufumbua macho, na naomba vyuo vilijue.

Hosteli nazo ziwape majiko wajipikie mbaazi na samaki.

Siku hizi baada ya alfajiri tunatembea naye hadi kijiji cha Shela. Juzi alinitangulia.