Gharama za Kusafisha Rejeta

Leo asubuhi, kabla sijamaliza chai ya rangi ambayo siku hizi ndiyo kifungua kinywa chenyewe, fundi wangu alinikabidhi karatasi ya gharama iliyoandikwa kwa mwandiko ambao ningeutambua hata gizani, kwa sababu mwenye mwandiko huo nilimfundisha Jiografia darasa la sita na nikampa alama 9 kati ya 50. Mstari wa kwanza ulikuwa wa plagi nne, nikaupitisha. Mstari wa pili ulikuwa wa pointi na kondensa, nao nikaupitisha. Mstari wa tatu ulisomeka hivi: "Kusafisha rejeta na kubadili mpira wake, 25,000." Nikavua miwani, nikaifuta kwa upindo wa msuli, nikaivaa tena. Mstari ulikuwa palepale.

Gari langu ni Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1974, ile yenye kioo kimoja kipana cha mbele. Injini yake imekaa nyuma na inapozwa na upepo unaosukumwa na feni, kwa hiyo halina rejeta, ile ya kupoza injini kwa maji, halikuwa nayo lilipotoka kiwandani Hannover, na litaipata siku kuku atakapoota meno. Nikamweleza fundi jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha daftari.

"Ndiyo maana kazi imechukua siku nzima, mwalimu," akanijibu kwa ile heshima inayochoma kuliko tusi. "Niliitafuta mbele, sikuiona. Nikaitafuta nyuma, sikuiona. Nikaingia mpaka uvunguni."

"Kwa hiyo umenitoza pesa za kusafisha kitu ambacho hukukiona?"

"Nimekutoza muda, mwalimu. Hata wewe ule mtihani ulinipa 9, na jibu sahihi sikuwa nalo hata moja. Nilijua umenilipa kukaa kwangu saa moja na nusu."

Nilinyamaza kidogo, kwa kuwa kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikauliza kuhusu huo mpira, maana rejeta isiyokuwepo haiwezi kubadilishiwa mpira.

"Mpira nilikuwa nimeshaununua. Nikaona tusitupe pesa yako, nikaufunga kwenye njia ya petroli."

Nikakaa juu ya ndoo. Mpira wa petroli nilikwisha kuununua mwenyewe wiki iliyopita, baada ya kuzunguka Gerezani na Kariakoo kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, nikiwaonyesha wauzaji kipande cha zamani kilichopasuka kama kisigino, mpaka nikaupata wenye maandishi ubavuni ya SAE J30, yaani uliotengenezwa kwa ajili ya kupitisha mafuta. Mita moja na nusu ilinigharimu shilingi 18,000, na kwa pensheni yangu hiyo si pesa ya kuchezea. Nikamuuliza fundi mpira huo uko wapi.

"Ule nimekutunzia, mwalimu. Ni wa gharama, nikaona usije ukachafuka."

Naomba nieleweke. Katika gari hili pampu ya petroli imekaa pua kwa pua na distribyuta, na distribyuta kazi yake ni cheche. Mpira wa maji ukipitishiwa petroli hulainika, huvimba, hulegea kwenye klipu, kisha siku moja huachia tone likaangukia injini ya moto. Kwa kuwa injini iko nyuma, dereva ndiye wa mwisho kupata taarifa kwamba anaungua: wa kwanza ni bodaboda anayemfuata, wa pili ni abiria wa daladala wanaochungulia dirishani, na yeye huku mbele bado anashangaa kwa nini watu wa leo wamekuwa wakarimu kiasi cha kumpungia mikono yote miwili. Tena mwili wa injini hiyo ni wa mchanganyiko wa magnesi, madini ambayo yakishashika moto hayaombi ruhusa ya mtu, na ukiyamwagia maji ndipo yanapochachamaa.

Yote hayo nilimweleza. Akanisikiliza kwa makini, akaukuna utosi, akasema mpira ni mpira.

Hapo ndipo ualimu wa miaka 34 ulipopanda kichwani. Nikaagiza chupa mbili za kioo zilizokuwa za jemu. Katika moja nikatumbukiza kipande cha mpira wa rejeta, katika nyingine kipande cha mpira wa SAE J30, nikavimiminia petroli vyote viwili, nikafunga vifuniko, nikaziweka kivulini mbali na mashine ya kuchomelea, na chini ya kila chupa nikabandika karatasi yenye saa na jina la sampuli. Nikatangaza kwamba matokeo yatasomwa saa tisa alasiri. Nilitarajia ushahidi wa kimya wa kisayansi, lakini nilikuwa nimesahau kwamba mtaani kwetu hakuna kitu kinachoweza kukaa ndani ya chupa bila kupata wadau.

Kufikia saa nne walikuwa wamefika madereva wa bodaboda sita, na kwa kuwa abiria walikuwa adimu, wakaanza kuwekeana dau. Watatu waliuunga mkono mpira wa rejeta kwa hoja kwamba ni mnene. Mmoja alidai kwamba chupa ya kushoto ina petroli nyingi zaidi, hivyo mashindano si ya haki, ikabidi nipime kwa rula mbele ya mashahidi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita kwenda kununua mkaa alisimama, akauliza ni dawa ya nini, akajibiwa na mpumbavu mmoja kuwa ni ya mgongo, naye akataka kujua inapakwa au inanywewa. Kijana mwingine alikuja kuchungulia kwa karibu akiwa na sigara inayowaka mdomoni, nami nikatoa sauti ambayo sikuwahi kuitoa tangu siku ile wanafunzi walipoingiza mbuzi ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtu pekee aliyeonyesha akili katika kadhia nzima ni mama muuza maandazi, ambaye bila kuuliza swali hata moja alilibeba jiko lake akahamia ng'ambo ya barabara.

Saa tisa zikatimia. Nikafungua chupa ya kwanza, nikautoa mpira wa SAE J30 kwa koleo, ukawa vilevile kama ulivyoingia. Nikafungua ya pili. Mpira wa rejeta ulikuwa umevimba kama mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki, na nilipoubinya ulibonyea kama andazi la jana. Nikauinua juu, watu wote wakauona. Nikamgeukia mwanafunzi wangu wa zamani ili nisikie kauli yake.

"Umenenepa, mwalimu," akasema kwa furaha. "Si ina maana mafuta yameukubali?"

Nikaunyakua mpira wangu mzuri, nikaingia mwenyewe nyuma ya gari, nikabadilisha kipande baada ya kipande na kufunga klipu mpya kila maungio, huku mgongo wangu ukilia na wale bodaboda wakigombania dau lao. Nilipotoka, karatasi ya gharama ilikuwa imeongezwa mstari: "Kubadili mpira mara ya pili, 10,000." Nikamuuliza ni nani aliyebadilisha. Akasema spana ni zake.

Nisingekuwa katika haya kama si kiinua mgongo. Kwa miaka 34 nilichora kasoko ya Ngorongoro ubaoni kwa chaki, nikawaeleza watoto wa watu kina chake cha mita 600 na wanyama wake, nami mwenyewe sijawahi kufika hata ukingoni. Nilipostaafu nikapiga hesabu za hoteli za huko, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Ndipo nikaiona hii Kombi nyuma ya nyumba ya mtu, imegeuzwa banda la kuku, nikaona kwamba mtu akiwa na kitanda, jiko na magurudumu, hoteli ya nini? Mwenye nyumba alinikabidhi gari na funguo, na kuku mmoja mwekundu aliyekataa katakata kuhama.

Kinachonishangaza tangu hapo ni jinsi watu wanavyonipangia pesa. Kila aliyeliona gari ameniambia nipige rangi ya metaliki, na fundi wa rangi alinitajia shilingi 1,800,000 bila kupepesa jicho, akiniambia kwamba gari la mwalimu lazima liwe na hadhi. Nilimwonyesha bisibisi niliyoichomeka kwenye boriti ya chini ikazama mpaka mpini kwa kutu, naye akaniahidi kwamba puti yake ni imara kiasi kwamba bisibisi hiyo haitatoka tena. Lakini nikitaja mafuta ya breki, ambayo ni chupa mbili tu na hayafiki bei ya kopo moja la rangi, wote wanageuka kuwa wachumi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Dar es Salaam sote tunaijua, ni mchuzi. Ukiyaacha miaka kumi bila kuyabadilisha, siku unayoteremka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu huku umekanyaga breki muda wote, yatachemka, na pedeli itashuka mpaka sakafuni bila kukuaga. Fundi wangu anasema nikanyage mara tatu, ya tatu itashika. Mpita njia mmoja alinishauri niongezee maji ya sabuni.

Tairi za kipimo cha 185R14C si shida kuzipata, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikivaliwa na Hiace za daladala, na ile C ya mwisho ni lazima, maana tairi ya gari dogo haiwezi kubeba kitanda, kabati, watu wawili na ndoo ya maji. Muuzaji alinipa nne zinazong'aa kama viatu vya harusi. Nikainama nikasoma ubavuni tarakimu 2211, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2011. Akasema haijatembea hata kilomita moja, itazeekaje? Nikamjibu kwamba hata mimi tangu nistaafu sijatembea sana.

Kuhusu tofali la bloku ambalo fundi huliweka chini ya gari badala ya stendi ya chuma, kisha akajilaza chini yake akipiga mluzi, sitasema neno, kwa sababu nilikwisha kusema sana na jana tofali lenyewe likajibu kwa kupasuka vipande viwili wakati yeye amekwenda kula. Leo ameleta jipya.

Seremala naye alinigomea. Nilimwagiza atoboe tundu mbili sakafuni kwenye kabati la mtungi wa gesi wa kilo 6, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini na kusubiri kiberiti. Akasema hawezi kuharibu mbao nzuri, tena nyoka wataingia. Nikamwambia nyoka ana mlango wake wa kutokea, gesi haina. Tundu nimezitoboa mwenyewe, zimepinda, lakini zinapitisha mwanga, na panapopita mwanga gesi haikwami.

Juzi nikaona nilale humo usiku mmoja, uani kwangu, nijue godoro linatosha na hewa inapita, maana kulala umefunga madirisha yote huku ukichemsha chai ndani ni njia ya kutoamka. Saa kumi na mbili asubuhi nikagongewa kioo. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi pamoja na wazee wawili, wamevaa kanzu, wamekuja kunisuluhisha na mke wangu. Habari zilikuwa zimeenea kwamba amenifukuza. Niliwaeleza kuhusu Ngorongoro, wakatazamana, na mmoja wao akaniambia kwa upole kwamba hata yeye mwaka 1998 alisema anakwenda kutembea. Mke wangu alipoitwa athibitishe kwamba tuna amani, alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Basi jioni hii, baada ya kulipa kila mstari isipokuwa ule wa rejeta, nimefungua mlango wa injini kwa tochi ili nikague kama kuna tone lolote linalovuja. Mpira mkavu, klipu zimekaza. Lakini pembeni ya betri nilikuta manyoya mekundu na alama ya yai, yai lenyewe halipo. Mwenye gari wa zamani amenipigia simu muda huohuo. Hakuuliza gari, aliuliza kuku, akisema bei tuliyoelewana ilikuwa ya Kombi tupu na kwamba kesho atakuja na daftari kuhesabu mayai tangu mwezi wa tatu. Nikakumbuka kwamba saa saba mchana fundi wangu alikuwa anakula chipsi mayai, na mama wa chipsi leo hakufungua.