Vijiko Vitatu vya Hamira

Mama mkwe wangu alipofika Tanga kutoka Pangani, nilimtangazia kwamba Jumapili ningempikia pizza kwa mikono yangu mwenyewe, tena si hizi zinazoletwa kwa bodaboda zikiwa zimelalia upande mmoja wa boksi, bali pizza yenyewe ya Napoli, kusini mwa Italia. Alinitazama, akamtazama binti yake, kisha akauliza kama mchele upo nyumbani.

Kosa langu lilikuwa kusoma mno. Kwa wiki mbili nilikuwa nimejijaza historia ya chakula hicho, nikaona si vibaya kumgawia mgeni sehemu ya mzigo wakati anachambua choroko. Nilimweleza kwamba neno pizza limo katika hati ya mwaka 997 kutoka Gaeta, mji wa pwani ulio kati ya Roma na Napoli, ambamo mpangaji alitakiwa kumpelekea askofu pizza 12 kila Krismasi na nyingine 12 kila Pasaka.

"Kumbe ilikuwa kodi ya pango," akasema.

Nikakiri kwamba ndivyo, nikaendelea. Pizza za askofu hazikuwa na nyanya, maana nyanya asili yake ni Amerika, na Ulaya haikuijua hadi baada ya safari za Columbus. Nikafika mwaka 1889, ambapo Wanapoli husimulia kwamba mpishi Raffaele Esposito alimwandalia Malkia Margherita pizza ya nyanya, jibini jeupe la mozzarella na majani ya mrehani, yaani nyekundu, nyeupe na kijani za bendera ya Italia. Nikaongeza, kwa kuwa sikuona dalili ya kuombwa ninyamaze, habari za wanawake wa Napoli waliokuwa wakikaanga pizza milangoni pao baada ya Vita Kuu ya Pili na kuwauzia majirani kwa mkopo: unakula leo, unalipa baada ya siku nane.

"Na wewe mwanangu, umewahi kuipika?"

Nilimjibu kwamba jambo lolote huanza na nadharia.

Jumamosi jioni nilikanda unga. Wanapoli hutia hamira isiyozidi gramu 3 kwa lita nzima ya maji, kisha huliacha donge liumuke polepole kwa saa nyingi. Tarakimu 3 niliikumbuka vizuri sana. Kilichonitoka ni gramu, na badala yake nikatia vijiko vitatu vya chakula, vya kufurika. Donge nililitia katika ndoo ya plastiki ya lita 10, nikabana mfuniko, na kwa kuhofia panya nikaufunga kwa kamba ya katani, ile ya mashamba yetu wenyewe, ambayo haijapata kumwangusha mtu. Ndoo nikaiweka juu ya friji, mahali penye joto kuliko pote jikoni, kisha nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Hamira hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa, na penye joto la kiasi huchapa kazi zaidi. Saa nane usiku ulisikika mshindo kama wa bunduki. Nilitoka chumbani nimejifunga msuli ovyo, nikakutana uso kwa uso na mama mkwe ukumbini, ameshika mchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wako wangapi?"

Tulipowasha taa, tuliona kwamba kamba ya katani haikukatika. Ulichanika mfuniko, na vipande vyake vilikuwa vimeangusha sufuria zote rafuni. Donge lilikuwa limefurika ndoo na kuteremka kwenye mlango wa friji taratibu, bila haraka, kama mzee anayeshuka ngazi. Paka alipita katikati ya miguu yetu akiwa na kilemba cheupe kichwani. Mama mkwe alinusa, akagusa lile donge kwa ncha ya mchi, likaung'ang'ania.

"Hili bado li hai," akasema, akarudi kulala.

Lililobaki ndani ya ndoo lilitosha, nami sikuwa mtu wa kukata tamaa. Tatizo lilikuwa moto: tanuri la kuni la Napoli hufikia nyuzi 485 kwenye kuba lake na huivisha pizza kwa sekunde 60 hadi 90, ilhali oveni yetu ya gesi hukomea 250 na kulalamika. Nilikuwa nimesoma kwamba jiwe lililopata moto vizuri hupunguza pengo hilo. Jiwe sikuwa nalo, lakini uani palikuwa na kigae kilichobaki tulipokarabati bafu, kipana, kisafi, chenye maua ya buluu. Nilikipasha moto kwa saa nzima, nikakitandazia pizza yenye nyanya rojorojo. Kilinyamaza kwa muda wa kutosha kunipa matumaini, kisha kikalia "ta!" na kugawanyika vipande vinne, na pizza yangu ikadondokea kwenye moto, maua ya buluu yakiwa yamegandia chini yake.

Mama mkwe alichungulia. "Hapo kwa malkia," aliuliza kwa upole, "walikuwa wanapikia vya bafuni pia?"

Kisha alitia mafuta kwenye karai, akakata donge lililosalia, akalisukuma, akafunga ndani nyanya na jibini, akakaanga. Vilifura, vikapata rangi ya dhahabu, na watoto wakavimaliza vikiwa bado vinaunguza vidole. Ilinibidi niseme, ingawa sikutaka, kwamba hiyo ndiyo pizza ya kukaanga ya Napoli, ile ya wale wanawake wa milangoni.

"Mimi najua ni andazi lenye nyanya," alijibu akifuta mikono. "Lakini kwa kuwa ni ya kwao, basi tufuate desturi yao. Nimekula leo, nitakulipa baada ya siku nane. Na tumbo likiniuma kabla ya hapo, deni limekufa."