Mahakama Iliyomsifu Kijana Ili Imuue

Mahakama ya dikteta ikitajwa, wengi wetu humfikiria jaji anayefoka. Majaji wa namna hiyo walikuwapo kweli katika Ujerumani ya Hitler, na Roland Freisler, rais wa ile iliyoitwa Mahakama ya Umma, alimfokea hata Sophie Scholl, mwanafunzi wa miaka 21 aliyehukumiwa na kuuawa München siku hiyo hiyo, tarehe 22 Februari 1943. Mimi hata hivyo huogopeshwa zaidi na hukumu ya mahakama hiyo hiyo iliyotangulia kwa miezi sita, kwa sababu waliotoa hukumu hiyo walijitahidi kutafuta hoja.

Helmuth Hübener alikuwa mwanagenzi wa kazi za ofisi mjini Hamburg. Usiku alisikiliza BBC, kosa kisheria tangu vita vilipoanza mwaka 1939, kisha akayapiga taipu aliyoyasikia, naye na rafiki zake wakavisambaza vipeperushi hivyo, vya aina zipatazo 60, katika masanduku ya barua na vibanda vya simu. Alikamatwa Februari 1942, akiwa na miaka 17 tu, na umri huo ndio uliowakwaza majaji. Walijinasua kwa kumsifu: akili yake, walisema, imewapita mno vijana wa rika lake, kwa hiyo aadhibiwe kama mtu mzima. Alikatwa kichwa katika gereza la Plötzensee, Berlin, tarehe 27 Oktoba. Wenzake watatu walipewa vifungo vya kati ya miaka minne na kumi, kana kwamba mizani ilikuwa ikipima kweli.

Hitler aliianzisha mahakama hiyo mwaka 1934, baada ya majaji wa kawaida kuwaachia huru washtakiwa wanne kati ya watano katika kesi ya kuchomwa kwa jengo la Bunge. Hakuihitaji ili aue, maana kambi za mateso alikuwa nazo. Aliihitaji ili mauaji yawe na muhuri, na muhuri huo ulidumu kuliko yeye. Hans-Joachim Rehse, jaji aliyeketi pamoja na Freisler, alihukumiwa miaka mitano mwaka 1967, lakini mwaka uliofuata hukumu ikatenguliwa, akaachiwa. Joho lile lile lililomnyima Helmuth utoto wake lilimkinga mzee huyo.

Sheria ya kuzifuta hukumu za mahakama hiyo zote kwa pamoja ilipitishwa mwaka 1998. Helmuth angekuwa na miaka 73.