Mchimbaji wa Kalahari analaumiwa bure

Tunda la Harpagophytum, mmea wa dawa utambaao kwenye mchanga wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, lina kulabu ngumu zinazonasa kwenye kwato za wanyama, na ndivyo mbegu zinavyosafiri. Dawa haimo kwenye kulabu hizo. Imo ardhini, katika viazi vinavyotoka kwenye mzizi mkuu, ambavyo Wasan, wenyeji wa Kalahari, wamevitumia tangu zamani kwa homa, maumivu na tumbo.

Mwaka 2000, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, jijini Nairobi, Ujerumani ilipendekeza biashara ya mmea huu iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, kisha pendekezo likaondolewa. Hofu yenyewe, kwamba wachimbaji wangeumaliza mmea, haikuwa ya kipuuzi. Mmea ukishang'olewa wote umekwisha, mbegu zake hulala muda mrefu ardhini bila kuota, na kuulima shambani ni kazi ngumu.

Ila mchimbaji anayeijua kazi hang'oi mmea. Huchimba pembeni, huchukua viazi vya pembeni, humwacha mzizi mama mahali pake na kulifukia shimo. Anayeharibu ni mwenye haraka, na haraka hiyo ina chanzo: kiazi kibichi kimejaa maji, mnunuzi anataka vipande vikavu, kwa hiyo mzigo mkubwa uliochimbuliwa juani huishia kilo chache. Bei ikiwa ndogo, nani atarudi kufukia mashimo?

Upande wa tiba, wenye shaka wana haki yao. Majaribio ya maumivu ya mgongo yametia moyo, lakini ni machache na ya muda mfupi; mwenye vidonda vya tumbo asiiguse dawa hii. Hata mamlaka ya dawa ya Ulaya inaikubali kwa maumivu madogo ya viungo kwa sababu ya matumizi ya jadi tu. Na hapo ndipo penye jambo. Sheria ya Ulaya kuhusu dawa za mitishamba ya jadi hudai miaka 30 ya matumizi, na kwa kawaida angalau 15 kati yake iwe ndani ya Umoja wa Ulaya. Karne nzima za Kalahari, basi, zikiwa peke yake hazitoshi. Lazima Mzungu naye awe amemeza kwa miaka 15. Ujuzi wa Wasan unafungua mlango wa soko, wao wenyewe wanalipwa kwa uzito wa viazi vikavu.

Namibia tayari inadai kibali kwa mchimbaji. Kibali cha pili kutoka nje, chini ya CITES, kingemwongezea makaratasi, na bei ya kilo ingebaki ileile.