Usiku wodini si kulinda geti

Kuna dharau moja imenichosha, na naisikia kwa wenzangu hapa Uingereza na hata kwa ndugu zangu huko Kenya, ati nesi wa usiku kwenye wodi ya vijana wenye matatizo ya akili ni soja tu, watoto wamelala, wewe unakunywa chai ukingoja kukuche halafu unalipwa zaidi. Pesa ni kweli ipo, ukiwa umeajiriwa na NHS, huduma ya afya ya serikali hapa, unaongezewa asilimia 30 kwa saa za usiku siku za kawaida na 60 ikiwa Jumapili, na sitajifanya sikuifuata, karo za nyumbani hazijilipi. Lakini hiyo ya watoto wamelala, hapana. Kwangu mimi usiku ndio shifti nzito kuliko zote kwenye hizi wodi, na kuijaza na watu wa ejensi, wale wa kukodishwa shifti moja moja, ambao hawajui hata mtoto gani anaogopa giza ni kosa, tena kosa la watu wanaojua wanachofanya.

Kwanza nani aliwaambia mtoto wa miaka 15 analala saa nne? Mwili wa rika hilo huchelewa kutoa melatonini, ile homoni ya usingizi, kwa hiyo hata mwenye afya zake unamkuta amekodoa macho mpaka saa sita. Sasa weka huzuni juu yake, weka dawa, simu imekusanywa pamoja na chaja kwa sababu ya waya, asije akajidhuru nao, kamba ya hudi ilitolewa siku aliyofika, za viatu pia, TV imezimwa. Mchana kulikuwa na mwalimu, mwanasaikolojia, watu wa kuchora, wageni, kelele. Usiku amebaki yeye na kichwa chake, na sisi.

Ndio maana wanatoka saa nane usiku. Huwa inakuwa hivi (nimechanganya watoto kadhaa hapa, usianze kutafuta mtu). Mlango unafunguka kidogo, amesimama na soksi, blanketi mabegani, anasema ana kiu. Unampa maji kwa kikombe cha plastiki, hanywi. Anauliza kama kuna tosti. Funguo za jikoni ninazo mimi, basi tunaenda wote, nahesabu kisu cha siagi kabla na baada maana ndio utaratibu, na yeye anapaka hiyo siagi polepole mpaka pembeni kabisa, haniangalii. Kipande cha pili kikifika nusu ndio anasema, kwa sauti ile ile aliyoombea tosti, kwamba kuna kitu amekificha chumbani na afadhali niende nikakichukue. Huyo huyo mchana daktari alimuuliza kama yuko salama akajibu niko poa.

Sasa niambie, hayo angemwambia mtu aliyetumwa na ejensi usiku huo huo kwa mara ya kwanza na kesho yuko mji mwingine? Na simlaumu huyo mtu, wengi ni ndugu zetu, Wazimbabwe, Wanaijeria, Wakenya, wanatafuta riziki, unapewa hendova, yaani makabidhiano ya zamu, ya haraka haraka, karatasi ya majina na tochi, unaambiwa haya nenda.

Hiyo tochi nayo. Kila mtoto ana kiwango chake cha kuangaliwa, kuna wa kila saa, kuna wa kila dakika 15, kuna ambaye jicho lisimtoke, na kuna ambaye unakaa naye umbali wa mkono hata akienda chooni. Unamulika pembeni, si usoni, unatafuta kifua kikipanda na kushuka, na akiwa amejifunika gubigubi huwezi kuandika amelala kwa kuona blanketi tu, lazima uone anapumua, kwa hiyo wakati mwingine unamwamsha mtoto aliyehangaika masaa kupata usingizi na anakutukana matusi ya nguoni na ana haki. Wodi zingine siku hizi zimeweka kamera za infraredi ukutani zinazosoma mapigo ya moyo na pumzi bila kumgusa mtoto, na kuna mvutano mkubwa hapa kuhusu faragha, watoto wenyewe wanalalamika kuchunguliwa wakilala. Mimi shida yangu na kamera ni nyingine, najua bosi akishaiona atauliza mbona tuko watu wanne.

Halafu watu wanasahau sheria. Mtoto aliyelazwa kwa hiari yake akiamua saa tisa usiku kwamba anatoka, daktari wa zamu yuko jengo lingine na ana wodi kadhaa mkononi. Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, kifungu cha 5(4), inampa nesi aliyesajiliwa kwa fani ya akili mamlaka ya kumzuia hadi masaa 6 mpaka daktari afike. Yaani unamnyima binadamu uhuru wake, kwa saini yako, na PIN yako, namba yako ya usajili wa unesi, ndiyo itakayoulizwa. Halafu ukikosea namna ya kumshika? Olaseni Lewis alikuwa na miaka 23 tu, alikufa mwaka 2010 baada ya kuzuiwa kwa nguvu na polisi ndani ya hospitali ya akili London, na sheria ya 2018 kuhusu matumizi ya nguvu kwenye hospitali hizi watu wanaiita kwa jina lake, Seni. Ati soja.

Na simu za usiku. Mama mmoja wa kwetu alipiga, akasikia lafudhi yangu akanyamaza kidogo, kisha, "Dada, wewe si mtu wa nyumbani?" Akahamia Kiswahili hapo hapo, mwanangu amekula, amelala, na polisi watamchukua? Alikuwa na hofu ya Kenya, ambako kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu 226 mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kinyume cha katiba Januari 2025. Nikamwambia mama, hapa hakuna kesi ya namna hiyo. Mtoto ana miaka 17 na alikuwa amekataa tusimpe mama habari zake, kwa hiyo ya kula na kulala sikuweza kumjibu, lakini kusikiliza hakujakatazwa, akaongea mpaka kredi ikaisha.

Ninachotaka si kikubwa. Rota ya usiku iwe na angalau nusu ya watu wa wodi yenyewe, wale watoto wanaowajua. Mwanasaikolojia mmoja abaki mpaka saa tano usiku, si wote kufunga laptop saa kumi na moja jioni. Na kile kikao cha kila wiki cha kuzungumzia mtoto gani anaendeleaje, kinafanyika saa nne asubuhi sisi tukiwa tumelala, tukaambiwa tuandike maoni kwenye daftari, nikaandika ile ya siagi na kitu kilichofichwa, kurasa mbili, na wiki iliyofuata daktari akaniuliza kwenye hendova kama usiku mtoto huwa analala vizuri.