Kazi ilale ilipoachwa

Tangu mwezi wa tisa nina karakana. Futi 12 kwa 18, matofali ya simenti, bati juu, nyuma ya nyumba yetu hapa Mangamba, Mtwara. Miaka 11 kabla ya hapo nilifanya useremala gerejini, pamoja na gari, korosho na baiskeli za watoto. Naandika kwa ajili ya wanaojenga sasa hivi, maana kuna jambo ambalo laiti mtu angeniambia kabla sijamwaga msingi wa nyumba.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Useremala nilifunzwa na babu mzaa mama, nikiwa mtoto wa kushika ncha ya pili ya ubao. Naufanya baada ya Alasiri na siku ambazo hakuna shule: vitanda, makabati, viti vya ndugu na majirani, mara moja moja mlango. Sina duka wala kibao barabarani. Watu wa namna yangu wako wengi, wanawake kwa wanaume, wana fani mikononi na hawana pa kuiweka.

Aliyekulia Kusini anajua kwamba mwaka wetu unakwenda na korosho. Mke wangu ana shamba Nanguruwe. Ikifika mwezi wa tano mifuko ya salfa inaingia nyumbani, maana mikorosho ikikaribia kutoa maua lazima ipuliziwe, la sivyo ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unamaliza kila kitu. Mwezi wa kumi magunia yanaanza kurudi na korosho ghafi, yanakaa hadi yapelekwe chama cha msingi cha ushirika kusubiri mnada. Katikati yake kuna mashine ya kupulizia, maturubai, madumu. Vyote hivyo vilikuwa na haki ya kukaa gerejini kuliko randa yangu. Korosho ndiyo iliyolipa ada za watoto, na ndiyo iliyojenga hata hii karakana.

Kwa hiyo jioni yangu ilikuwa hivi. Toa gari. Sogeza magunia. Baiskeli nje. Shusha mbao kwenye kenchi, panga stuli mbili, laza ubao juu yake, hiyo ndiyo meza. Dakika 40. Kabla ya Magharibi, rudisha kila kitu kilipokuwa na ufagie, dakika 30 nyingine. Baina ya Alasiri na Magharibi nina kama dakika 150. Ukitoa 70, zinabaki 80. Karibu nusu ya muda wangu iliishia kwenye kupanga na kupangua, na hesabu hiyo niliipiga mara nyingi nikiwa nimesimama na ufagio mkononi.

Hata hivyo muda nilikuwa nimeshauzoea. Kilichoniumiza ni kwamba kazi haikuweza kulala. Kila kitu ilibidi kimalizike jioni ile ile, au kihamishwe kikiwa hakijakomaa, na useremala haukubali kuhamishwa hamishwa. Gundi inataka usiku mzima. Ubao uliotoka kupigwa randa unataka kutulia uone utapindia wapi kabla hujaukata kwa kipimo cha mwisho. Hata kichwa chako kinataka kuikuta kazi pale ulipoiacha, alama ya penseli iko wazi, ujue mara moja ulikuwa unaelekea wapi.

Mwaka mmoja nilimtengenezea mama kabati la vyombo kwa mninga. Mninga ni mbao ya heshima: haijikunji ovyo majira yakibadilika, na rangi yake inazidi kuiva kadiri miaka inavyokwenda. Nilichonga ndimi na matundu ya kuungia mbao kwa wiki tatu. Jioni ya kuunganisha nikapaka gundi, nikabana kwa klempu nilizonazo na mipira ya tyubu za baiskeli, nikapima kona kwa kona kimshazari, vipimo vyote viwili vikalingana. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Saa nne usiku wingu likafunga ghafla, na uani kulikuwa na korosho za mke wangu zimeanikwa juu ya turubai. Korosho ikilowa inashuka daraja. Hatukuwa na la kujadili. Tukabeba kabati na gundi yake mbichi hadi barazani, tukaingiza korosho.

Asubuhi nilipima tena. Vipimo viwili vya kona kwa kona vilitofautiana kwa sentimita moja na nusu, na gundi ilikuwa imeshashika. Kubomoa ilikuwa ni kuvunja ndimi zote. Mama analitumia mpaka leo na anawaonyesha wageni, ila milango yake haijawahi kukutana sawasawa, na kila nikienda kumsalimia jicho langu linatua pale kwanza.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mwezi wa sita, miaka mitatu baada ya hapo, nilikuwa nakata bolti kwa grainda. Cheche moja ikaruka hadi kwenye salfa iliyomwagika chini ya mfuko. Ambaye hajaona salfa ikiwaka asidhani ni moto wa kawaida. Mwali wake ni wa buluu, mfupi, mchana huuoni vizuri, na moshi wake unakaba koo papo hapo. Nilimwagia mchanga wa ujenzi uliokuwa mlangoni na ukazimika. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama pale pale mlangoni ameshika baiskeli yake, alikuja kuichukua kama anavyoichukua kila siku.

Usiku ule mimi na mke wangu tuliongea hadi saa saba. Yeye ndiye aliyetamka neno karakana kwanza.

Pesa ilitoka kwenye misimu mitatu ya korosho: wa kwanza msingi, wa pili kuta, wa tatu bati na milango. Matofali kama 520, simenti ya kiwanda cha hapa hapa Msijute. Katikati ya msimu wa kwanza na wa pili mjomba alikuja kuona. Akazunguka msingi, akapima kwa hatua, akasema, "Mjomba, hapa vinatoka vyumba viwili vizuri vya kupangisha. Kila mwezi una chako."

Kwetu neno la mjomba halipitwi tu, na hoja yake ilikuwa na uzito. Tangu habari za gesi zilipoanza, mtu mwenye nafasi ya uani Mtwara anafikiria wapangaji. Nililala na hoja yake wiki nzima. Nikamrudia na jibu nililo nalo mpaka leo: chumba cha kupangisha kinaniletea fedha ya mtu mwingine, nami naishukuru, lakini hakinipi chochote cha kufanya na jioni zangu, na hizo jioni ndizo umri wenyewe. Milango yote ya nyumba yangu nilitengeneza mimi. Vitanda vya watoto, mimi. Mbao nikizipa chumba zinalipa. Zinalipa taratibu, kwa namna isiyoandikwa kwenye daftari la kodi. Mjomba alinyamaza, kisha akauliza mlango utatazama wapi. Nikajua amekubali.

Na swali lake lilikuwa zuri, maana hapo ndipo nilipojifunza mengi. Mafundi wa Ulaya wanaofundisha mtandaoni husisitiza dirisha la kaskazini, kwamba mwanga wake umetulia na hauna jua la moja kwa moja. Kwao ni kweli. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa mwezi wa pili hadi katikati ya mwezi wa kumi jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini. Dirisha la kaskazini hapa lingenitia jua mezani zaidi ya nusu ya mwaka. Nikaweka dirisha kubwa kusini, na mlango wa mabawa mawili, futi 6, ukatazama kaskazini. Kisha nikaona faida nyingine: kusi ikivuma, tangu mwezi wa nne hivi, upepo unaingia dirishani na kusukuma vumbi lote nje kwa mlangoni. Nimeuonja mwisho wake tu mwaka huu na tayari nimeona tofauti. Kaskazi ikija kuanzia Desemba mambo yatageuka, vumbi litataka kurudi ndani, nitafunga bawa moja na kuvaa barakoa.

Vumbi silifanyii mzaha tena. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Gereji yetu ina mlango unaotokea jikoni. Miaka yote ile nilikuwa napiga msasa hatua sita kutoka kwenye sufuria.

Mbao sasa zimelala juu ya vyuma vilivyotoka ukutani, mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa, na baina ya ubao na ubao kuna vijiti hewa ipite. Umeme una waya wake na breka yake. Vifaa nimevifuta kwa mafuta ya cherehani, maana hewa ya bahari peke yake inatosha kutia kutu, na zamani ilisaidiwa na salfa, ambayo ikikutana na unyevu huzaa asidi inayokula chuma. Patasi mbili za babu ziliharibika hivyo. Sikuwahi kumwambia.

Meza ndiyo roho ya chumba. Juu yake ni mkongo wa inchi tatu, na kimo chake nilipima kwa mkono wangu mwenyewe, nimesimama wima, kiganja kinalala juu bila kuinamisha bega. Uzito wake unahitaji watu wanne kuusogeza. Nikisukuma randa haitikisiki. Stuli zile za gerejini zilikuwa zinakimbia mbele ya randa, na nusu ya nguvu zangu ilikuwa ya kuzishikilia kwa goti.

Rafiki mmoja, mwalimu mwenzangu, aliniambia kwamba wachongaji wa Kimakonde wanatoa kazi inayojulikana dunia nzima wakiwa wamekaa chini ya mwembe, na tezo na patasi tu. Kwa nini mimi nitake chumba? Nimekaa sana na wachongaji, na naheshimu swali hilo. Lakini tazama vizuri. Gogo la mpingo mchongaji analishika kwa miguu yake, kazi yote inaenea katikati ya magoti. Na mwembe ule ni wake. Maranda ya jana bado yako chini, gogo la kukalia limechukua umbo lake, kazi ambayo haijakwisha imefunikwa na gunia lenye unyevu ili isipasuke. Hakuna anayemwambia ahame kwa sababu gari linaingia. Mwembe ule ndio karakana, na mchongaji aliupata zamani kabla yangu.

Nyumba za wazee wetu zililielewa jambo hili. Ukipita Mikindani utaona baraza: mtu anasuka mkeka, mwingine ameweka cherehani, na ua wa nyuma ni wa kutwanga, kukuna nazi, kuanika. Kazi ilikuwa na mahali pake ndani ya mchoro wa nyumba. Siku hizi tunachora sebule kubwa inayosubiri wageni wa Idi, tunachora choo cha pili, tunachora maegesho. Gari lina chumba. Mwenye mikono anaambiwa atajibana. Mimi naona hilo ni kosa, na linawaumiza zaidi akina mama, kwa sababu mwenye cherehani anaambiwa aikunje kila mgeni anapobisha hodi. Mwenye kutaka kujenga achore nafasi ya kazi mapema, hata iwe futi 6 kwa 8, iwe na dirisha, ifungwe kwa kufuli. Kufuli nasisitiza, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya kazi yenyewe.

Binti yangu ana kona yake, na sheria ni kwamba haingii nikiwa sipo. Wiki iliyopita alichukua vipande viwili vya mabaki, mninga na mpingo, akavitia kwenye ndoo ya maji. Mninga ukaelea. Mpingo ukazama moja kwa moja hadi chini. Akautoa, akaurudisha, ukazama tena. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia apime uzito na ujazo kwanza, kisha tuongee. Ameandika vipimo ukutani kwa penseli na nimeviacha hapo hapo.

Vile vipande vya mpingo ninavichonga viwe vishikizo vya droo. Natengeneza kabati jipya la mama, la mninga kama lile la kwanza. Droo mbili zimekwisha. Ya tatu niliipaka gundi Jumanne jioni, nikaibana, nikapima kona kwa kona, nikazima taa na kwenda kuswali. Leo ni Alhamisi. Iko pale pale mezani, hakuna aliyeigusa.